Kuhama nyumba Mwanza: anza hesabu pale gari linapoishia

Simu huingia hivi: "Kaka, kutoka Mabatini mpaka Buswelu unanifanyia shilingi ngapi?" Halafu kimya, mtu anasubiri bei. Mimi naendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na swali hilo sina jibu lake. Nikimuuliza kama gari linafika mlangoni, ananiambia, "Linafika karibu." Kwa mji wetu huu wa mawe, karibu ziko nyingi. Kuna karibu ya hatua kumi, na kuna karibu ya ngazi themanini za kuchonga kwenye jiwe, kona mbili, na mama anayekaanga maandazi katikati ya njia.

Maswali ni yaleyale kila wiki, ndiyo maana nimekaa chini nikaandika. Huu ni mwongozo wa mtu anayehama ndani ya Mwanza, Nyamagana au Ilemela, mwenye chumba kimoja, chumba na sebule, au nyumba ndogo ya familia, na safari hii analipia mwenyewe. Wenye maghorofa ya Capri Point wana watu wao wa kazi hiyo.

Jambo la kushika kabla ya yote: lami haina shida. Hela inaliwa kwenye ncha mbili za safari, kutoka mlango wa zamani mpaka kwenye gari, na kutoka kwenye gari mpaka mlango mpya. Watu wanapatana bei ya barabarani kwa nusu saa, halafu zile ncha mbili wanazikuta siku ya tukio, mzigo ukiwa chini na wingu limeshafunga upande wa ziwani.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Futikamba. Ya kuazima kwa fundi inatosha.
- Viroba vya sandarusi, vile vya mchele au sukari, kumi mpaka ishirini. Kwa nguo na vyombo vya plastiki vinashinda boksi, maana boksi likilowa linaachia kitako.
- Boksi chache ngumu za dukani kwa glasi, sahani na vitabu.
- Kamba ya manila na turubai. Dereva atakwambia analo turubai. Mwambie akuonyeshe, sisi madereva tunajuana.
- Bisibisi, spana, na mifuko midogo ya plastiki ya kuwekea skrubu na nati.
- Kitasa kipya na kufuli.
- Kalamu ya wino mzito ya kuandikia kwenye viroba.
- Chenji. Noti za elfu moja, elfu mbili na elfu tano.

Hatua ya 1: Nenda kaipime njia

Nyumba umeshaiona, umeipenda, dalali amekusifia marumaru. Sasa rudi peke yako, bila dalali, ukasimame pale gari kubwa linapoishia. Tembea kutoka hapo mpaka mlangoni huku unahesabu hatua. Hesabu na ngazi. Tazama mtaro unavukwa kwa nini: zege, ubao au mawe matatu? Angalia juu pia, kwa sababu waya za umeme zinazoning'inia hazimpi nafasi mtu aliyebeba kabati kichwani.

Kisha toa futikamba. Pima sehemu nyembamba kuliko zote njiani, ambayo mara nyingi ni kati ya ukuta wa jirani na jiwe. Pima geti, mlango wa mbele, kona ya korido na mlango wa chumbani. Ukirudi nyumbani pima kitu chako kikubwa kuliko vyote.

Niliwahi kumhamisha mama mmoja kwenda mlimani Igogo. Kabati lake la milango mitatu fundi alilitengenezea humohumo chumbani, miaka mingi nyuma, na hakuna aliyekumbuka kwamba halikuwahi kupita mlangoni. Tulilizungusha saa nzima. Mwisho aliitwa fundi akalikata miguu na taji, likatoka. Kufika kule juu, kona ya jiwe ikalikataa. Lilirudi chini, likauzwa kijiweni siku hiyohiyo kwa bei ambayo mwenyewe hakutaka hata kuitaja. Futikamba ingemwambia yote hayo wiki moja kabla.

Kama nyumba iko Bugarika, Mabatini, Isamilo ya juu, Igogo au popote penye mwinuko, nenda mara ya pili mvua ikiwa imetoka kunyesha. Njia iliyokuwa nzuri Jumamosi yenye jua inaweza kuwa mfereji. Na Buswelu au Kiseke ya ndani, ambako hakuna mlima wa kukusumbua, udongo una tabia yake: gari linaingia vizuri tupu, likishapakiwa linazama.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, hama kati ya Juni na Agosti, kiangazi. Vuli ya Oktoba mpaka Desemba na masika ya Machi mpaka Mei zinahamika, ila ongeza hela ya turubai na siku ya akiba. Epuka tarehe za mwisho na mwanzo wa mwezi. Kodi za wengi zinaisha hapo, sisi tunagombaniwa, na mtu anayegombaniwa hapunguzi bei. Katikati ya mwezi, Jumanne au Jumatano, unapata gari unalotaka na vijana ambao hawajachoka.

Anza saa moja asubuhi. Ukianza saa nane mchana utaingia kwenye foleni ya jioni na utamalizia gizani.

Kuhama usiku sikushauri kabisa. Kwanza majirani watasema umekimbia kodi, na maneno hayo yatakufuata. Pili, sungusungu, wale walinzi wa jadi, walianzia huku Usukumani na Unyamwezini, na hata leo mitaa mingi ina vijana wa ulinzi shirikishi. Gari lenye televisheni na magodoro saa tano usiku litasimamishwa, na utaeleza mbele ya tochi kwamba mali ni yako.

Hatua ya 3: Gawa hela kwenye mafungu

Chukua daftari. Andika mafungu matatu: hela ya nyumba, hela ya safari, na hela ya kuanzia maisha. Wengi wanaandika la kwanza tu.

Nitatoa mfano wa hesabu, wewe weka tarakimu zako. Tuseme chumba na sebule, kodi Sh 100,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita. Hiyo ni Sh 600,000. Dalali kwa mazoea anachukua kodi ya mwezi mmoja, Sh 100,000. Fungu la nyumba limefika Sh 700,000.

Fungu la safari: gari Sh 45,000, vijana wanne kwa Sh 10,000 kila mmoja ni Sh 40,000, viroba na kamba Sh 15,000, chakula na maji ya watu Sh 15,000. Jumla Sh 115,000.

Kuanzia maisha: kitasa na kufuli Sh 35,000, umeme wa kwanza Sh 10,000. Jumla Sh 45,000.

Mafungu mawili ya mwisho ni Sh 160,000. Juu yake weka sehemu moja ya tano kama akiba, Sh 32,000. Kwa hiyo mtu huyu anahitaji Sh 892,000, wakati yeye alikuwa anatembea na laki saba akiamini mambo yamekamilika. Hiyo tofauti ndiyo huwa inakopwa kwa shemeji siku ya kuhama.

Onyo mbili hapa. Kama una miezi iliyobaki nyumba ya zamani na umeahidiwa kurudishiwa, usiiingize kwenye hesabu mpaka uwe nayo mkononi. Pili, kodi ya nyumba mpya lipa kwa mwenye nyumba au kwenye akaunti yake, mkataba umeshasainiwa. Dalali mpe ya kwake tu. Dalali anayesema "nipe yote mimi nitamfikishia" muage kwa adabu.

Hatua ya 4: Malizana na umeme na maji

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni ya mita, na mita ni ya nyumba. Umeme ulionunua hauhami na wewe. Wiki mbili kabla ya kuondoka nunua kidogokidogo ili usimwachie mwenzio uniti hamsini.

Nyumba mpya, andika namba ya mita kwa mkono na uipige picha. Kisha fanya jambo hili ambalo karibu kila mteja wangu analisahau: futa ile namba ya mita ya zamani iliyohifadhiwa kwenye simu. Mwezi wa kwanza watu wananunua umeme kwa mazoea, tarakimu ishirini za tokeni zinakuja, wanaingiza, mita inakataa. Wamewanunulia umeme wapangaji waliowafuata.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Nyumba ikikaa miezi kadhaa bila mtu kununua umeme, deni linajilimbikiza na linamsubiri mnunuzi wa kwanza, ambaye ni wewe. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Muulize mapema na mkubaliane kwamba utakachokatwa kitapunguzwa kwenye pango, na iandikwe kwenye mkataba. Hapohapo uliza kama mita ni ya peke yako au mnachangia. Mkichangia, uliza nani ana friji na nani anapiga pasi za watu.

Maji: omba kuona bili ya mwisho ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ya nyumba unayoingia, na lipa ya nyumba unayotoka ubaki na risiti. Mlimani uliza majirani maji yanapanda siku zipi. Uliza jirani, usimuulize dalali. Kwa dalali maji hayajawahi kukatika tangu nchi ipate uhuru.

Hatua ya 5: Punguza mzigo

Kila kitu unachobeba kinalipiwa mara mbili, kwenye gari na kwenye bega la kijana. Uza, gawa, tupa. Viti vya plastiki vilivyopasuka, redio iliyokufa, ndoo zisizo na mishikio, vyote viache.

Kuna wageni ambao hawatakiwi kuhama na wewe: kunguni na mende. Siku chache kabla, toa magodoro na chaga za kitanda juani, kagua mishono ya godoro na matundu ya mbao. Ukiwakuta, shughulika nao huko huko. Ukiwaleta kwenye nyumba mpya ya wapangaji sita, utatambulika mtaa mzima kabla hujajitambulisha.

Hatua ya 6: Funga

Funga chumba kwa chumba na andika kwenye kila kiroba: JIKONI, NGUO ZA WATOTO, SHUKA. Vitabu weka kwenye boksi dogo, likijaa kubwa halibebeki. Sahani zisimame kwa ubavu, kila moja na gazeti lake, na mapengo jaza kwa kanga na taulo. Kitanda fungua jana yake, skrubu zake ziingie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ufungwe kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Wasioufunga hapo wanalala chini siku tatu.

Mtungi wa gesi: funga valvu, toa regulata, usafiri umesimama na usikae ndani walipo watu. Jiko la mkaa limwage majivu usiku wa jana yake. Nimewahi kuona kiroba cha nguo kikitoa moshi Barabara ya Makongoro, jiko lilikuwa "limezima."

Friji iondolewe vitu, iyeyuke barafu, ikaushwe, na isafiri imesimama. Ukiilaza, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba. Kama ililazimika kulala, ikifika isimamishe saa kadhaa bila kuichomeka, hata ukiachia mpaka kesho hujakosea.

Begi moja litembee na wewe mwenyewe, halipandi garini: vyeti, kitambulisho cha NIDA, mkataba, dawa, chaja, hela.

Hatua ya 7: Tafuta gari na patana

Chumba kimoja na njia nyembamba, guta, ile ya matairi matatu, inatosha na inafika kusikofika gari. Chumba na sebule, kirikuu. Nyumba yenye makochi, makabati na simtanki, Canter moja ni nafuu kuliko kirikuu safari tatu.

Kirikuu ina mipaka yake. Suzuki Carry imeundwa kubeba kilo 350, na kitako chake kina upana wa kama mita 1.4. Godoro la sita kwa sita halilali pale, linasimama ubavuni. Dereva anayekwambia atapakia vyote safari moja mpaka juu ya kichwa cha gari, mkumbushe mteremko wa unakotoka.

Ukipiga simu mpe dereva mambo haya: unatoka wapi, unakwenda wapi, vitu vikubwa ni vipi, gari linaishia hatua ngapi kutoka kila mlango, ngazi ngapi. Ukimwambia hivyo atakuheshimu na bei yake itakuwa ya kweli. Kisha patana kwa maneno yaliyonyooka: bei hii ni ya safari ngapi, kuna malipo ya kusubiri, vijana wako ndani ya bei au nje, wanaishia kwenye gari au wanaingiza mpaka ndani? Mtumie ujumbe mfupi unaorudia makubaliano, naye ajibu. Unaweza kutanguliza hela ya mafuta. Inayobaki ilipwe kitu cha mwisho kikiwa ndani.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Asubuhi kabla ya kugusa kamba, mpigie mwenye nyumba mpya. Ufunguo uko wapi? Mpangaji wa zamani ametoka kweli? Usipakie mpaka mtu wako awe amesimama ndani ya nyumba mpya na ufunguo mkononi.

Gawa watu: mmoja abaki unakotoka, mmoja awe unakokwenda, mmoja akae na gari. Mzigo uliolazwa chini ya mlima wakati vijana wako juu hauna mwenyewe, na wapita njia wanalijua hilo.

Vizito vitangulie mbele karibu na kichwa cha gari, friji na kabati, vikifungwa wima. Televisheni isimame katikati ya magodoro mawili, kamwe isilazwe. Simtanki hata ikiwa tupu ifungwe kwa kamba mbili, upepo wa barabarani unaipenda. Turubai lifunikwe hata kama jua linawaka.

Kushusha, kitanda na godoro kwanza viingie chumbani kwake, halafu jiko na ndoo za maji. Vingine vyote virundike sebuleni. Leo unatafuta pa kulala na chai ya kesho tu.

Kabla vijana hawajaondoka hesabu viroba ulivyoviandika.

Hatua ya 9: Ingia rasmi

Badili kitasa siku hiyohiyo, funguo za zamani hujui ziko kwa nani. Piga picha nyufa, vioo vilivyovunjika, sinki linalovuja, na umtumie mwenye nyumba kabla hujatandika zulia. Wiki hiyo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe. Siku utakayohitaji barua ya utambulisho ya benki au ya shule ya mtoto hutaanza kueleza wewe ni nani.

Mambo yakienda kombo

*Mvua imewakuta njiani.* Simama kwenye kituo cha mafuta au popote penye paa. Usijaribu kuikimbia. Vilivyolowa vianze na godoro: lisimamishe, lifute kwa nguo kavu, lipate hewa, na lisilaliwe mpaka likauke ndani.

*Gari limekwama.* Lipunguze mzigo kwanza, ndipo lisukumwe. Gari lililosukumwa likiwa limejaa linachimba.

*Dereva amepandisha bei katikati.* Toa ule ujumbe. Kama njia ni ndefu kuliko ulivyomwambia, ana haki, mwongeze. Kama ulisema kweli, mwambie mbele ya vijana wake, kwa sauti ya kawaida, kwamba utalipa mlichokubaliana.

*Kochi halipiti mlangoni.* Toa mlango kwenye bawaba, ni skrubu chache tu. Likigoma, toa miguu ya kochi na jaribu kwa ubavu. Likigoma tena, liuze leo. Barazani litakaa mpaka masika, na kuku watalihamia.

*Tokeni inakataa.* Linganisha namba ya mita kwenye ujumbe na iliyo ukutani. Zikifanana, ingiza tena taratibu. Bado, wapigie TANESCO ukiwa umesimama mbele ya mita.

*Mpangaji wa zamani hajatoka na gari limeshajaa.* Hili ndilo baya kuliko yote, na limenikuta mara tatu mwaka huu. Usishushe mzigo nje. Mpigie mwenye nyumba, mpe saa moja, mlipe dereva hela ya kusubiri. Saa ikipita, rudisha vitu ulikotoka kama bado una siku za kodi, au omba chumba kwa ndugu. Mzigo ukilala kwenye gari, mtu wako alale nao, na dereva aandike kwenye karatasi vitu vilivyomo. Mimi mteja akitaka niondoke na mzigo wake usiku kucha bila mtu wake, nakataa.